Hitilafu Ilivyotokea

…na hapa ndipo kalamu ilipogoma, au tuseme mkono, maana kalamu nimeijaribu pembeni mwa fomu na imeandika vizuri tu, mistari mitatu ya kwanza nimeijaza bila taabu, Jina la mwenye chombo, nikaandika Darasa la Kisomo la kijiji chetu, kwa mkono wa misheni, Liuli, Aina ya chombo, nikaandika redio ya mawe sita, nikakata mawe nikaandika betri ili watu wa kiwandani wasinicheke, Namba iliyopigwa mgongoni, nikainakili tarakimu kwa tarakimu, halafu huu mstari wa nne, Eleza kwa kifupi hitilafu ilivyotokea, kwa kifupi, wanasema, wameacha nafasi ya vidole viwili, na chini yake visanduku viwili, Je, chombo kimepata kufunguliwa na mtu asiye fundi wetu, Ndiyo, Hapana, tia alama, kana kwamba ni mahudhurio ya darasani, "Mwalimu," anasema karani wa posta kutoka nyuma ya dirisha lake la wavu, "mfuko wa Songea unafungwa saa nne," nami nasema, "Naam, ndugu, namalizia," na simalizii chochote, nimesimama tu, viatu vimelowa, baridi hii ya Mbinga inapanda hadi magotini, sisi watu wa ziwani ukungu tunauona kwa mbali umekaa juu ya milima, hatukuzoea kusimama ndani yake, nyuma yangu watu wanne au watano, mmoja anakohoa, mmoja ananusanusa, na karani ameanza kufungua sanduku langu la sabuni nililolifunga kwa katani jana, anasema kanuni ni lazima aone kilichomo kabla ya kupiga lakiri, haya na aone, ataona redio imeviringishwa kwenye kitenge, safi, inang'aa, safi kuliko siku tuliyopewa, na shida yote iko hapo hapo, kwenye usafi huo… nilijiambia ni adabu, kwetu humrudishii mtu chungu chake na masizi ya moto wako, unakisugua kwa mchanga mpaka kifanane na siku ulipokiazima, na waliotengeneza redio ndio wenye redio, nikachukua kitambaa na mafuta ya taa nikaifuta nje, nikaifuta ndani, kila pembe, kila waya, Aloyce mimi, mwalimu wa watu wazima, nimepiga magoti kwenye mkeka nikisugua masizi kama mke mgeni anayeogopa mama mkwe.

"Mwalimu, humu kuna samaki?" samaki gani, nainua kichwa, karani ameshika kifurushi kidogo cha gazeti, anakinusa, anakirudisha mbali na pua, "Usipa," anasema, "usipa mkavu, hawa ni wa kiwandani?" na foleni yote inacheka, mwanamke mmoja anasema, "Wapelekee na unga, baba, wasihangaike," na mimi uso unanichoma, mama huyo, mama yangu Notburga, aliwatia humo lini, lazima ni nilipokwenda kutafuta kamba, kwake chombo cha mtu hakirudi kitupu, ukipelekewa sahani ya mboga unairudisha na chochote, mihogo miwili, ndizi, na yeye akaona basi na mafundi hawa wa Dar es Salaam, ambao hawajui wala hawamjui, wasipelekewe mzigo mtupu, "Ni wa mama," nasema, "ni asante yake tu kwa mafundi," na karani, mtu wa Tanga kwa anavyozungumza, anatikisa kichwa bila ubaya wowote, "Mwambie mama tumeipokea asante, lakini kitu cha kunuka hakiingii kwenye mfuko wa posta," anakiweka pembeni karibu na mizani… mama hajui, hilo ndilo linaloniua, hajui hata kidogo, yeye alizaliwa huku juu Umatengo, akaolewa akashuka ziwani akiwa msichana, na alishuka na uchaga wake kichwani kama wengine wanavyoshuka na dini, maana kitu cha kwanza alichomtaka baba ajenge jikoni ni uchaga juu ya mafiga, mbegu ya mahindi juu, maharage ya mbegu juu, kitu chochote usichotaka kiharibike unakipandisha juu ya moto, moshi unakikausha, fukusi hawaingii, unyevu hauingii, tumekula miaka yote kwa sababu ya uchaga ule, hata cheti changu cha ubatizo kilikaa huko ndani ya kibuyu, bado kinanuka moshi, na Machi hii, mvua zilipoifanya ofisi ya kijiji ivuje kama kapu, mimi nikaichukua redio kabatini bila kumwambia mtu, nikaipeleka nyumbani, sheria ilisema isitoke ofisini, lakini ningeiacha ilowe, halafu ikaja semina ya Songea, wiki tatu, nikaondoka, nilimwambia nini mama, nilimwambia, "Mama, nitunzie kitu hiki, ni cha watu wote," basi, neno hilo tu, nitunzie, na mama akatunza.

Wiki tatu juu ya moto wa kuni za mvua, kuni mbichi, moshi mnene, na niliporudi ilikuwa mezani, imepanguswa nje kwa majani, mama amesimama karibu nayo anafurahi kweli kweli, "Kitu chako hicho, mwanangu, hata tone la mvua halikukigusa," na mimi sikuuliza ilikaa wapi, ningeuliza, ningeuliza siku ile ile, lakini nilikuwa nimechoka na safari, nikairudisha ofisini, na siku ya darasa tukakaa wote, watu hamsini na kitu, daftari mapajani, nikawasha, ikatoa mkwaruzo mmoja, harufu kama ya mshumaa uliozimwa, ikanyamaza, nikazungusha huku na huku, kimya, nikabadilisha mawe, kimya, na Mwenyekiti wetu Mansuetus akasimama, hana haraka yule mtu, hata akikasirika hukunja kwanza mikono ya shati, akasema, "Ndugu wananchi, kitu cha umma kimeharibika, nani alikigusa?" na watu wote hamsini wakanigeukia mimi, nikasema, "Niliiacha ikiwa nzima," maneno matatu, yote ya kweli, niliiacha ikiwa nzima, nilipokwenda semina ilikuwa inaimba, lakini yalitoka kinywani mwangu yakaenda yakatua kwa mtu mwingine, nikayaona yanatua, sauti moja nyuma ikasema Mzee Kilian alionekana dirishani pa ofisi juzi, peke yake, na shingo zote zikazunguka… Kilian, nani mwingine, aliyekuwa wa mwisho kushuka kutoka mlimani, wenzake wote walihama serikali iliposema watu wakae vijijini, yeye akabaki na shamba lake mpaka mgambo walipokwenda kuezua paa la nyumba yake, akashuka na miti ya paa begani, safari saba, na mtu wa namna hiyo, wakasema, ataipendaje redio ya serikali, ni hujuma hiyo, na mimi nilikuwa najua kwa nini alikuwa dirishani, alikuwa anakuja mapema kila siku ya darasa, saa nzima kabla, anasimama hapo anangoja niifungue ofisi ili akae mahali pake, karibu kabisa na redio, sikio limeinama kwake kama mtu anayemsikiliza mgonjwa, aliwahi kuniambia, tukiwa wawili tu, "Mwalimu, ningekuwa nimesharudi mlimani mimi, kinachonishika hapa ni sanduku lako hilo," na hilo nalo sikulisema mkutanoni.

"Hatumhukumu mtu hapa," akasema Mansuetus, na mimi nikapumua, "redio iende kwa walioitengeneza, wao ndio watakaotuambia kama ni mkono wa mtu, barua yao ikisema ni mkono wa mtu, Kilian atakwenda kujibu Songea," na watu wakaitikia kwa sauti moja, zamani wangekwenda kwa mganga awape jina, sasa wamepata kiwanda, na mimi nilifurahi, siwezi kulificha hapa kwenye foleni, nilifurahi kwa sababu kiwanda kiko mbali na barua huchukua muda, lakini muda huo kumbe haukuwa wangu, ulikuwa wa Kilian, tangu siku ile hakuna anayevuta wavu naye, akishika kamba wengine wanaiachia, taratibu, bila matusi, mmoja anakumbuka ana kazi nyumbani, mwingine anakwenda kujisaidia, mpaka mzee anabaki ameshika kamba peke yake ndani ya maji na wavu hauendi, nimeona kwa macho yangu, Jumatatu, na anayemsema kwa sauti kuliko wote ufukweni ni mama yangu, "Aliyetuulia redio huyo," anasema, akianika usipa wake, "mtu mzima hovyo," na mimi napita na vitabu kwapani kama sikusikia.

"Na hii?" anasema karani, nini tena, ana karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, "Mwalimu, barua haisafiri ndani ya mzigo, barua ni barua, ina stempu yake," nami nakumbuka, Mungu wangu, nilikuwa nimesahau, au nilijisahaulisha, alinipa Mama Lusia, mke wa Kilian, jana alfajiri lori la ushirika likiwa linawaka tayari, alikuja mbio, "Mwalimu, za kuamka, mwenzangu anaomba utie hii humo ndani pamoja na redio," nikasema sawa mama, nikaipenyeza chini ya kamba, na akashika ubao wa lori akasema, "Yeye hana wasiwasi, Mwalimu, ananiambia Mama Lusia usilie, barua ya kiwanda ikija watu wote watajua," na lori likaondoka, na sasa karani anaikunjua, haina bahasha, si kosa lake, anaisoma kwa sauti ya chini kama wasomavyo makarani wote, midomo ikicheza, "Ndugu wa kiwanda shikamoo… mimi ni Kilian… ninasoma kitabu cha pili… redio sikugusa… naomba angalieni ndani mtaona… mimi nangoja," na foleni nyuma haicheki tena, karani anaigeuza upande wa pili, hakuna kitu, anarudi upande wa kwanza, "Huyu Kilian ni mwanafunzi wako?" "Ndiyo, ndugu," "Kijana?" "Hapana, ni mzee, analingana na marehemu baba," "Anaandika vizuri," anasema karani, "herufi zimekaa," naam, zimekaa, nilimshika mkono mimi, Februari, kidole gumba kama gome la mti, K ilimsumbua wiki mbili, alikuwa anaigeuza mgongo, na sasa amewapa shikamoo vijana wa kiwandani, yeye na mvi zake, kwa sababu kwake wao ni wakubwa, wanaoweza kuona ukweli kwa kufungua tu kifuniko, angalieni ndani, mtaona, wataona nini, mzee wangu, wataona nini, nimeshapita mimi kabla yao.

Jumamosi mchana, mama yuko shambani, nilichukua kisu cha jikoni kwa kuwa bisibisi hatuna, nikafungua zile skrubu nne, mbili zikakubali, mbili nikazivunja vichwa, na kifuniko kilipotoka masizi yakanimwagikia miguuni, masizi meusi laini ya jikoni kwetu, ningeyajua hata gizani, na nta waliyoshikizia nyaya huko kiwandani imeyeyuka ikashuka ikaganda, na kule chini, karibu na kipaza sauti, punje moja ya mahindi, ya mbegu, nyekundu, aina ile ya mama, iliyodondoka kutoka kwenye suke ikaingia kwenye tundu la nyuma, nikaishika kiganjani, na hapo nilijua kila kitu, Kilian, mama, mimi, kila kitu kilikaa kiganjani mwangu, na nilifanya nini, niliitupa uani, jogoo akaja akaidonoa akaondoka zake, halafu nikaenda kuchukua mafuta ya taa… adabu, nimesema, chungu cha watu, uongo mtupu, hakuna adabu pale, nilikuwa nafuta jikoni kwetu, nilikuwa namfuta mama yangu kwenye jambo hili asionekane, na nyuma ya mama nilikuwa nimejificha mimi, mimi niliyeitoa ofisini, mimi niliyesema nitunzie bila kusema namna ya kutunza, najua kusoma, najua kuandika, nimepewa cheti kwa kuwafundisha watu wazima, na sikuweza kumwambia mama kitu hiki hakipendi moshi, na nilipomaliza kusugua kilichobaki humo ndani ni nini, nta, ambayo yaweza kuyeyushwa na mtu yeyote mwenye kibiriti, na alama za kisu kwenye skrubu, fundi atafungua, ataona kisu, ataandika kwa kifupi kama wanavyopenda, imefunguliwa kwa nguvu na mkono wa mtu, Mansuetus atakunja mikono ya shati, ataisoma mbele ya watu, na Kilian atakaa pale akingoja neno lake, angalieni ndani, mtaona, na neno halitakuja, hatajua kwa nini halikuja.

"Mwalimu, hii barua niitie bahasha niipige stempu, au unarudi nayo?" anauliza karani, na nasema, "Ngoja kidogo, ndugu," na sasa naandika, mkono umeshuka wenyewe, Ndiyo, alama ndani ya kisanduku, imefunguliwa, na mwalimu Aloyce, kwa kisu, na juu yake, Redio ilikaa wiki tatu juu ya moto nyumbani kwangu, nafasi ya vidole viwili inatosha kumbe, masizi nimeyafuta mwenyewe, hakuna mtu mwingine aliyeigusa, herufi zinajikunja kwenda pembeni, napanda nazo ukingoni mwa karatasi, na najua ninachokiandika, kwa maneno haya kiwanda hakitaitengeneza, dhamana imekufa, redio itarudi kama ilivyo au haitarudi, wale watu hamsini watafunga daftari zao, na darasa nitavuliwa, Ofisa Elimu hatakuwa na njia nyingine, na kwa haki, na mama ufukweni, mbele ya wanawake wenzake… lakini imeandikwa, nahisi kifua kimefunguka, karibu nicheke, nimesema, hatimaye nimesema, na hapo hapo, kalamu ikiwa bado juu ya karatasi, naona nilichokifanya, nimesema kwa nani, kwa mtu wa Dar es Salaam nisiyemjua, atakayeisoma fomu hii wiki mbili zijazo akinywa chai, aandike jibu wiki ya tatu, barua ipande milima hii wiki ya tano, na wiki zote hizo mzee ataingia majini kila asubuhi ashike kamba na wengine waiachie, na mimi nitapita na vitabu kwapani nikijiambia subiri, barua inakuja, nimekwisha kusema ukweli, uko njiani, Aloyce mwoga, hata ukweli unataka uutume kwa posta, unataka Mansuetus ausome kwa sauti yake halafu wewe uinamishe kichwa tu kama mtu aliyeshtuka, Kilian haja yake si kiwanda, kiwanda tulimpa sisi, alichohitaji kilikuwa kwenye mkutano ule, safu ya kwanza, kimevaa shati jeupe, kikasema maneno matatu.

Basi lori la kurudi linaondoka saa saba, nitafika kwetu watu wakianua usipa, na sitakwenda kwa Mansuetus kwanza, nitaanza na mama, nitamkuta kwenye chanja zake, nitamshusha ungo mkononi, nitamwambia, Mama, Kilian hakuigusa, ni sisi, ulitunza ulivyojua na mimi sikukwambia, na nilipojua nikakuacha uendelee kumtukana mtu, hilo la mwisho ndilo litakalomuuma, si redio, ataniangalia, nalijua jicho lile, ataniangalia mpaka nitamani anipige, halafu ataifunga khanga yake vizuri kiunoni ataondoka, hataningoja, atakwenda moja kwa moja kwa Mama Lusia mchana kweupe, njia ya katikati ya kijiji watu wote wakimwona, maana mama yangu hajui kusoma wala kuandika, lakini hajawahi hata siku moja kumtuma mtu akamwombee radhi, na mimi nitakuwa nyuma yake, mbali kidogo, nikijaribu kumfikia… "Haya, Mwalimu, umemaliza?" anasema karani, mkono ameupitisha chini ya wavu, kiganja wazi, na mwanamke nyuma yangu anasogeza kikapu chake mbele hatua moja, "Bado," nasema, "bado, ndugu, naomba dakika moja," na sijui dakika hiyo naiombea nini, fomu imejaa.